Kumwondoa mwanafunzi kikosini: adhabu isiyoandikiwa mipaka

Kila inapokaribia michezo ya UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari nchini Tanzania, walimu wa shule za sekondari mkoani Tabora hukutana na swali lisilokuwemo katika ratiba ya mazoezi: mwanafunzi aliyevunja kanuni za shule, naye ni tegemeo la timu, achezeshwe au aachwe? Mara nyingi jibu hupatikana kwa haraka kati ya mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa michezo, kwa kutegemea ni nani kati yao anayesikilizwa zaidi na mkuu wa shule. Naona swali hili linastahili utulivu mkubwa zaidi ya huo. Mkoa wetu ulikuwa mwenyeji wa fainali za taifa za michezo hiyo mwaka 2022, 2023 na 2024, na wazazi wa hapa wameshuhudia wenyewe kwamba mtoto anaweza kuanzia katika uwanja wa vumbi wa shule yake na kufika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora. Mtoto huyo anapoondolewa kikosini, mzazi anajua vizuri ni nini kilichopotea.

Hoja ya wanaotaka ukali ina uzito, na ningependa kuieleza kama wao wenyewe wanavyoielewa. Mchezaji huvaa jezi yenye jina la shule, husafiri na walimu, hulala kambini mbali na wazazi wake, na kwa siku hizo zote usalama wake umo mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Mwanafunzi anayetoroka kambini saa nne usiku katika mji asioufahamu hajavunja kanuni tu, amejiweka katika hatari ambayo mwalimu wake ndiye atakayeulizwa habari zake. Isitoshe, kidato cha kwanza wanaangalia. Wakimwona nahodha aliyekamatwa na bangi wiki iliyopita akiongoza timu uwanjani wiki hii, hakuna hotuba ya mstarini itakayowashawishi kwamba kanuni za shule ni za watu wote.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niitetee adhabu hii, nayo hutajwa mara chache. Ukiondoa kumzuia mwanafunzi kucheza, shule hubaki na adhabu chache, na nyingi kati ya hizo ni mbaya zaidi. Viboko huumiza mwili. Kumsimamisha masomo kunamnyima darasa, na kwa mwanafunzi wa bweni aliyetoka Kaliua au Sikonge kunamwongezea mzazi gharama ya nauli ya kwenda na kurudi. Kumwondoa katika mechi kunagusa kitu anachokipenda, huku daftari lake likibaki mezani na mwili wake ukiwa salama. Anayedai kwamba adhabu hii ifutwe kabisa sharti aseme ni ipi itakayoshika nafasi yake, na mimi sijasikia jibu linaloridhisha.

Hata hivyo, wema huo wa adhabu unategemea mipaka, na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Chukua viboko vyenyewe. Kanuni za mwaka 2002 zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu zinaweka ukomo wa viboko 4, zinataka mkuu wa shule ndiye atoe adhabu au amwidhinishe mwalimu kwa maandishi, na zinataka tukio liandikwe katika kitabu. Kama kanuni hizo zinafuatwa ipasavyo au la ni mjadala mwingine mzito, lakini angalau mzazi anayelalamika ana maandishi ya kuyashika. Kumfuta mwanafunzi katika timu, jambo linaloweza kumgharimu mwaka mzima, mara nyingi hufanywa kwa kauli ya mdomo ya mwalimu mmoja, bila muda uliotajwa, bila kuandikwa popote, na bila mtoto kuulizwa kilichotokea.

Suala la muda nalo halipewi uzito linaostahili. Michezo hii hufanyika mara moja kwa mwaka, kwa ngazi zinazofuatana haraka kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Mwanafunzi anayefungiwa wiki mbili wakati timu ya wilaya inachaguliwa amepoteza msimu wote, kwa sababu hakuna atakayerudi kumtafuta kambi ya mkoa ikishaanza. Mwenzake aliyefanya kosa lile lile mwezi Septemba na kupewa wiki mbili hizo hizo hapotezi chochote zaidi ya mazoezi. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne hali ni ngumu zaidi, maana hana uhakika wa kuwa na msimu mwingine akiwa shuleni. Soka yenyewe ililitatua jambo hili zamani: kadi nyekundu huhesabiwa kwa mechi na haijali kalenda. Shule zingefanya vivyo hivyo, kosa dogo likagharimu mechi moja, kubwa mechi kadhaa, na msimu mzima ukabaki kwa makosa machache yaliyotajwa wazi.

Wanaopinga mwanafunzi kusikilizwa kwanza katika kikao husema kwamba mashindano ya kata huisha kwa siku mbili au tatu, na mwalimu hawezi kuitisha kikao kila mchezaji anapotukana mwamuzi. Ni kweli. Amri ya papo hapo ya kumweka nje kwa mechi inayofuata iachwe mikononi mwa mwalimu aliyeko uwanjani, na kinachozidi hapo kisubiri kikao. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inatambua haki ya mtu kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Nusu saa ya kumsikiliza kijana wa miaka kumi na sita haiwezi kuwa mzigo mkubwa kwa shule yenye kamati ya nidhamu.

Swali gumu zaidi ni la makosa yanayofanyika nje ya shule. Nchini Marekani, ambako shule nyingi za sekondari humtaka mchezaji na mzazi wake watie saini kanuni za mwenendo kabla ya msimu, mahakama zimelishughulikia mara kadhaa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu iliiruhusu wilaya ya shule ya Vernonia, Oregon, kuwapima wachezaji dawa za kulevya, na miongoni mwa sababu zake ilisema kwamba anayejiunga na timu kwa hiari yake anakubali kubanwa kuliko wanafunzi wengine. Lakini mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba shule moja ya Pennsylvania ilikosea kumwondoa msichana kwa mwaka mzima katika kikundi cha kushangilia, kwa sababu ya maneno machafu aliyoyaweka mtandaoni siku ya mapumziko akiwa nje ya shule. Kwa hiyo hata pale ambapo kujiunga na timu hubana sana, kuna mahali mkono wa shule unakoma.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni ndondo, yaani mechi za mitaani. Mwanafunzi mwenye kipaji huitwa na timu ya mtaa Jumamosi, hupewa hela kidogo au viatu, huumia goti, na Jumatatu huonekana mazoezini akichechemea. Mwalimu hukasirika, na ana haki ya kukasirika, maana viwanja hivyo havina daktari na wachezaji wa kule hawana huruma kwa mtoto. Lakini mwanafunzi wa kutwa siku ya Jumamosi yuko chini ya mzazi wake, na mzazi akiwa ameridhia, sioni shule inapata wapi mamlaka ya kumfungia msimu. Inaweza kuzungumza na mzazi, na inaweza kumpumzisha kwa ajili ya goti, jambo ambalo halipaswi kuitwa adhabu. Wa bweni ni tofauti: kosa lake ni kutoroka, na lipimwe kama kutoroka kwa mwanafunzi mwingine yeyote, awe alikwenda kucheza au kununua chapati. Tukichanganya mambo haya mawili, tunamwadhibu mtoto kwa kuwa na kipaji kinachotakiwa na watu wengi.

Kuhusu alama za darasani nitasema kidogo. Sheria ya Texas ya mwaka 1984 ilimzuia kucheza kwa muda mwanafunzi aliyefeli somo, na wapo hapa wanaotamani utaratibu kama huo. Naelewa hofu yao, ila kwa wanafunzi wengine timu ndiyo inayowafanya waamke na kuja shule, na kuwaondolea sababu hiyo kunaweza kuwapoteza jumla. Masomo ya ziada kabla ya mazoezi yangefaa zaidi.

Linaloniuma zaidi katika mjadala huu wote ni la watu wazima. Mamluki hawajisajili wenyewe. Anayemleta mchezaji asiye mwanafunzi, au kijeba, yaani aliyezidi umri, mwenye cheti cha mtu mwingine, ni mtu mzima anayetaka kombe, na ikigundulika, timu nzima huondolewa mashindanoni pamoja na watoto kumi na kadhaa wasio na hatia. Najua timu iliyodhulumiwa haiwezi kuachwa bila haki yake, kwa hiyo ushindi ule ufutwe. Ila mtoto asipewe doa la utovu wa nidhamu kwa fomu aliyoijaza mwalimu wake, na mwalimu huyo asionekane tena msimu ujao akiongoza timu ileile. Hamu hiyo hiyo ya kombe ndiyo inayomfichia kosa mfungaji bora huku mchezaji wa akiba akiondolewa kwa kosa dogo kuliko lake. Kwa sababu hiyo mwalimu wa michezo, hata awe mwadilifu kiasi gani, asikae katika kikao kinachoamua hatima ya mchezaji wake. Aitwe kutoa maelezo, kisha atoke.

Jambo jingine liandikwe pia: mwanafunzi aliyefungiwa mechi aendelee na mazoezi. Kumfukuza uwanjani kuanzia saa kumi jioni ni kumpa muda wa kukaa na wale wale tuliotaka aachane nao. Bodi za shule zinaweza kuyapitisha haya yote katika ukurasa mmoja na kuwatumia wazazi nakala kabla fomu ya usajili haijajazwa jina la kwanza.