Nilivyoripoti wizi wa saa nzima usiku wa Pasaka

Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi na mimi nikaangukia zamu ya usiku. Wenzangu wote wameshapanda Moshi, wengine Karatu, bosi wetu mama mmoja wa Kibosho kaondoka tangu Alhamisi na mbuzi nyuma ya pikapu, afu mi ndo nimebaki ofisini huku karibu na Mnara wa Saa, Chuga, yaani Arusha, mvua inapiga, nimevaa sweta mbili, nina chupa ya chai, nalinda kompyuta ambayo hata haipo Tanzania.

Nieleze kidogo manake hata mamangu mpaka leo anajua natengeneza tivii. Mashine yenyewe ni meinfremu, ile kompyuta kubwa ya kazi za makampuni, iko Ujerumani, sisi huku ni macho tu, tunaiangalia usiku wenyewe wakiwa wamelala. Ukoo wa hizi mashine ni wa zamani balaa, babu yao IBM System/360 ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964, siku 19 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, sa ukiona chalii anaidharau kisa skrini nyeusi na maandishi ya kijani muulize yeye ndoa yake ina miaka mingapi. Kila kitu kinachotokea mle ndani, jobu (kazi moja iliyopewa mashine) imeanza, jobu imekufa, diski imejaa, mtu kakosea paswedi, kinaandikwa mstari kwa mstari kwenye logi ya mfumo, na kila mstari una tarehe na saa. Tarehe yenyewe siyo kama ya watu, wanaandika mwaka afu siku ya ngapi ndani ya huo mwaka, kwahiyo siku hiyo kwenye logi ilikuwa 24091, yaani 2024 siku ya 91. Hiyo nilishaizoea.

Shida ilikuwa saa. Bosi wangu anaongea saa za Kiswahili, kompyuta ya ofisini inaonyesha saa za kizungu za hapa, na logi inaandika saa za Ujerumani. Nilivyoanza kazi mwezi wa 11 nilijikuta nachanganya mpaka nikabandika kikaratasi kwenye monita, TOA SITA, TOA MBILI. Yaani mtu akikwambia saa kumi usiku unatoa sita unapata saa nne ya kizungu, unatoa mbili unapata mbili ya Ujerumani, unaenda kwenye logi unachota mistari yako unatuma. Miezi mitano kikaratasi hakijawahi kuniangusha hata siku moja. Nilikiamini kuliko mchungaji.

Sa kama saa kumi na moja alfajiri hivi simu ikaita, bosi. Nyuma nasikia mbuzi analia, nikajua bado hajachinjwa.

"Mwanangu, shikamoo yako nitaipokea baadaye, ile jobu ya mishahara ya wateja imekufa. Meseji imeniingilia saa kumi na nusu. Nitolee logi ya hapo uwatumie wenzetu kabla hawajaamka."

Nikamwambia sawa mama, dakika tano. Nikaingia SDSF, ile programu ya kusomea logi, nikaandika LOG, nikapiga hesabu, kumi na nusu toa sita nne na nusu, toa mbili, 02:30. Nikatafuta 02:30. Hakuna. Nikasema labda nimekosea kuandika, nikatafuta 02:15, hakuna, 02:45, hakuna, nikatafuta 02 yoyote ile ya usiku huo hakuna. Nikaamua kushuka mwenyewe mstari kwa mstari na kidole kwenye skrini kama mtoto anayejifunza kusoma. 01:59:58. 01:59:59. 03:00:00.

Nikafuta miwani. Nikasoma tena. 01:59:59, chini yake 03:00:00.

Aisee damu ilinishuka. Manake mwezi wa pili tulipewa semina ya usalama pale Njiro, na kitu kimoja tu ndo nilichotoka nacho ukiacha soda, yule mwezeshaji alisema mwizi wa kwenye kompyuta akimaliza kazi yake anafuta logi ili asijulikane. Na hapa mbele yangu saa nzima imefutwa, na ndani ya hiyo hiyo saa jobu ya mishahara imekufa. Mishahara! Nikaona kabisa picha ya jamaa kavaa kofia ya jaketi anahamisha hela. Nikachungulia dirishani nikamuita mlinzi.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu ameingia humu usiku?"

"Marahaba. Ameingia paka."

Mashine iko Ujerumani lakini mi namuuliza mlinzi wa Arusha kama kuna mtu kapita getini, hapo ndo mjue kichwa kilikuwa wapi.

Basi nikaandika imeli. Kichwa cha habari kwa herufi kubwa, KUNA SAA IMEIBIWA. Nikaituma kwenye ile anwani ya dharura ambayo inaenda kwa watu kama 40, mameneja, wakaguzi, na mzee mmoja wa sheria ambaye sijawahi kujua kazi yake. Afu nikakumbuka semina ilisema pia ushahidi uhifadhiwe. Na mimi kuhifadhi ninakokujua ni kuchapisha.

Sasa ukiwa kwenye logi njia ya kistaarabu ni kuandika PRINT, afu unaweka muda wa kuanzia na muda wa kuishia, inakuchapia hicho kipande tu. Ila mi nikajiuliza, saa yenyewe ndo imeibiwa, nitaweka muda gani? Nikaandika PRINT peke yake. Enta.

PRINT peke yake maana yake chapa yote.

Printa yetu ni leza ya kawaida tu ya ofisini, Wajerumani walituunganishia ili kila asubuhi itoe ripoti ya ukurasa mmoja tunamwekea bosi mezani. Siku hiyo ikaamka na hasira. Logi huwa wanaikata upya kila ikifika saa sita usiku ya kwao, kwahiyo ikaanzia hapo, na mstari wa logi ni mrefu, herufi mia na thelathini na kitu, A4 haiuwezi, kila mstari unakunjwa unakuwa miwili. Karatasi zikaanza kutoka. Mi nikasimama pembeni nimekunja mikono kama mpelelezi. Ikaisha karatasi, ikalia, nikafungua rimu nikaijaza. Ikaisha tena, nikajaza. Kwenye rimu ya tatu, ambayo ndo ilikuwa ya mwisho stoo, nikaanza kuona kuna namna. Nikazima printa. Nikaiwasha, ikaendelea palepale ilipoishia. Nikachomoa waya ukutani, nikakaa dakika mbili, nikachomeka, ikaendelea. Kumbe jobu haikai kwenye printa bana, imekaa zake kwenye spuli, foleni ya vya kuchapwa, Ujerumani inasubiri tu, we zima unavyotaka, ina subira kuliko wewe. Ya kuifuta ni herufi moja, P, unaiweka pembeni ya jina la jobu unapiga enta imekwisha. Naijua hiyo P. Ila nikaogopa, nikasema nikiigonga ikafuta na logi yenyewe basi mwizi nitakuwa mimi.

Ikabidi karatasi ziishe zenyewe. Kurasa 1,500. Nikachukua ile ya mwisho kuangalia ushahidi wangu umefika wapi. Ilikuwa imefika saa sita na dakika 47 usiku. Hata hiyo saa iliyoibiwa hatujaikaribia.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini simu ya nje ikaita. Mjerumani wa zamu ya dharura, sauti ya mtu aliyetolewa kitandani siku ya Pasaka. Akaniuliza taratibu, hiyo saa iliyoibiwa inaanzia ngapi? Nikamwambia mbili kamili. Inaishia ngapi? Tatu kamili. Kimya. Kimya kirefu mpaka nikafikiri vocha imeisha, na wakati amepiga yeye. Afu nikasikia anasema kitu pembeni na sauti ya mwanamke ikacheka.

Akaniambia andika D T. Hiyo ni amri ya kuiuliza mashine saa ngapi. Ikajibu mistari miwili, saa ya pale ilipo 05.41, na ile saa ya dunia wanayoiita UTC 03.41. Akaniuliza kawaida hizo mbili zinapishana ngapi? Nikasema moja. Leo? Nikahesabu. Mbili.

Hapo ndo nikaelezwa. Kumbe Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya huwa wanasogeza saa mbele kwa ajili ya kiangazi chao, ikifika mbili ya kizungu usiku Ujerumani wanairukisha hadi tatu, na ile saa ya katikati haipo. Haijafutwa, haipo tu. Watu milioni themanini na ushee wamelala wakanyang'anywa saa na hakuna aliyepiga simu polisi. Akasema na yeye kaibiwa, afu iliyobaki nimekuja kummalizia mimi. Sa mi ningejulia wapi jamani, mtu umezaliwa Tengeru, jua linachomoza kwenye kumi na mbili na ushee mwaka mzima, hakuna siku serikali imewahi kutuambia kesho mbili itakuwa tatu. Na cha kuuma zaidi mashine yenyewe wala haikuruka kitu, ndani yake kuna saa inayohesabu tangu tarehe 1 Januari 1900 bila kusimama, inayoruka ni ile wanayotuonyesha sisi. Hiyo ya ndani ina biti 64, yaani nafasi 64 tu za kuandikia hesabu yake, na itajaa Septemba 2042, akaniambia hiyo sasa ndo niiogope. Nilimwelewa kama ananiambia nitafute kazi nyingine kabla ya hapo.

Basi. Toa sita, toa MOJA. Nikatafuta 03:30, na mstari huo hapo umekaa unanisubiri, IEF450I, jina la jobu, ABEND=SB37. Maana yake faili limekosa nafasi ya kuandikia. Hakuna kofia ya jaketi, hakuna hela iliyohama, faili limejaa. Mstari mmoja. Ungeenea kwenye meseji ya kawaida. Wakaliongezea nafasi, wakairusha upya, nusu saa ikaisha.

Bosi akapiga. Mbuzi simsikii tena.

"Nimeona imeli yako. Sasa hiyo saa ilienda wapi?"

"Mama, waliisogeza."

"Nani?"

"Ulaya nzima."

"Bila kukuambia?"

Mpaka leo sijui alikuwa ananitetea au ananisanifu.

Mngedhani imeisha. Zile kurasa 1,500 nilizipanga kwenye maboksi matatu pale koridoni nikaenda kulala, nikijua Jumanne nitazipitisha kwenye mashine ya kukatakata. Jumanne narudi, koridoni peupe. Mlinzi kaona maboksi ya karatasi mlangoni akajua ni taka, mawili katandika kibandani manake sakafu ina baridi, la tatu kampelekea mama wa maandazi pale kona. Nimefika kona, mandazi limefungwa kwenye logi ya mteja. Majina ya jobu, majina ya watumiaji, kila kitu, na mafuta juu. Bosi akasema hizo karatasi zirudi zote leo hii.

Nikamfuata yule mama, shikamoo, naomba hizo karatasi. "Mwanangu, mi nauza maandazi, karatasi siuzi." Nikampelekea magazeti ya zamani tubadilishane, akayagusa akayarudisha, eti wino wake unagandia kwenye mandazi, za kwenu ni safi. Ikabidi ninunue. Mandazi mia mbili mia mbili, afu namwambia fungia karatasi nyingi nyingi mama, limoja limoja. Siku ya kwanza kumi, ya pili ishirini. Siku ya tatu akaniangalia kwa huruma.

"Baba, una minyoo au umeoa?"

Ofisi nzima ilikula maandazi wiki mbili, mlinzi alikula akashiba akawa ananisalimia yeye kwanza. Nyingine nilizifukuzia mpaka kwenye kifodi cha Sakina, abiria kashika mandazi mi nimeshika nauli namuomba karatasi yake. Hakunipa.

Na wale watu 40 wa kwenye imeli mpaka leo nikiingia kwenye kikao cha simu kuna mmoja lazima aniulize saa hizi Arusha ni saa ngapi, na wengine wanazima maiki ili wacheke vizuri.

Sasa mwezi wa kumi mwaka huohuo, Jumapili ya mwisho, tarehe 27, wakairudisha saa yao. Safari hii ikifika tatu wanairudisha mbili, kwahiyo saa ileile inapita mara mbili kwenye logi. Mi nilishajiandaa, kikaratasi kipya kwenye monita, chai ya tangawizi, miguu juu ya meza. Pembeni yangu kuna chalii mgeni ana wiki moja kazini, katoka tu chuo, ana bidii huyo. Kwenye kumi na moja alfajiri nikaona ameinamia skrini, anashusha kidole mstari kwa mstari, anapandisha, anashusha. Afu akageuka macho yamemtoka.

"Kaka. Mbili na nusu imepita mara mbili. Kuna mtu anatuwekea logi feki."

Nikanywa chai kwanza.

"Aisee. Stoo kuna rimu ngapi?"