Bush wa Tengeru na Bush wa Columbus

Alhamisi usiku, tarehe 15 Januari 2009, tulikuwa watu wanane kwenye chumba cha mapumziko pale ghalani ninapofanya kazi, Columbus, Ohio. Televisheni imetundikwa juu ya mashine ya soda, na rimoti yake ilipotea kabla sijaanza kazi, kwa hiyo anayetaka kubadili stesheni lazima apande kiti. Ilipogonga saa mbili, George W. Bush akatokea kuwaaga Wamarekani baada ya miaka minane ya urais. Hakufikisha hata dakika tatu. Mzee mmoja wa upakiaji akavuta kiti, akapanda, akamwondoa. Akatafuta ile ndege iliyotua juu ya maji ya mto Hudson mchana wa siku hiyo hiyo, abiria wamejipanga juu ya mabawa, watu wote 155 wazima. "Huyu rubani ndiye wa kusikilizwa," akasema. Hakuna aliyebisha.

Mimi nilitaka kumsikiliza Bush. Nikanyamaza. Mbeba boksi aliyetoka Arusha utawaambiaje watu wa Ohio kwamba huyo wanayemzima, kwenu Tengeru ana jina zuri kuliko diwani?

Nilipotoka zamu usiku wa manane, nyumbani ilikuwa saa mbili asubuhi. Nikakwangua kadi ya simu, nikampigia mama. Shikamoo yangu haijatua vizuri, akaidaka:

"Marahaba mwanangu. Nasikia Bush anaondoka Jumanne. Wamempa nini?"

"Wamempa nini kivipi, mama?"

"Zawadi ya kuagwa. Hata mwalimu mkuu hapa akistaafu anapewa mbuzi."

Nikamwambia atapata pensheni na walinzi. Akasema yeye hajauliza pensheni.

Wenzangu mlioko huku mnajua ugumu wa kujibu swali kama hilo kwa kadi ya dola tano. Basi nalijibu hapa.

Nianze na kwetu. Kaka yangu mkubwa alifariki kwa UKIMWI 2001. Dawa za kurefusha maisha zilikuwepo duniani, tulizisoma magazetini, ila zilikuwa za mwenye nazo. Baba aliuza ng'ombe wawili, zikanunuliwa dawa za miezi michache, na ng'ombe wa tatu hakuwepo. Shemeji akamfuata. Kwa hiyo shangazi alipoanza kukonda mwaka 2005, sisi tulishajua mwisho wa hadithi, tukaanza kuhesabu tena mifugo. Safari hii hatukuuza kitu. Alipewa kadi ya kliniki, akapangiwa tarehe, akapewa dawa bure. Alikuwa na kilo 38. Nilipokwenda likizo mwaka juzi nilimkuta shambani anapalilia maharage, akanifokea kwa nini nimefika bila gumbuti.

Fedha zile zina historia. Januari 28, 2003, kwenye hotuba yake mbele ya Bunge la Marekani, Bush aliomba dola bilioni 15 za miaka mitano kupambana na UKIMWI, na kati ya nchi 15 zilizolengwa ilikuwemo Tanzania, pamoja na Kenya, Uganda na Rwanda. Ndiyo mpango unaoitwa PEPFAR. Julai iliyopita akatia saini sheria ya kuiongezea muda na kuruhusu hadi dola bilioni 48. Katikati hapo, mwaka 2005, akaleta mpango wa malaria wa dola bilioni 1.2, na nchi tatu za kwanza zilikuwa Angola, Uganda na sisi. Sisemi ni yeye peke yake. Kuna Mfuko wa Dunia, kuna serikali yetu, kuna manesi wanaokaa mpaka jioni bila posho. Ila mama mjamzito aliyetoka kliniki na hati punguzo mkononi kwenda dukani kuchukua chandarua hakuuliza mchango wa nani ni asilimia ngapi.

Halafu akaja mwenyewe. Februari 17 mwaka jana, akiwa Dar es Salaam na Rais Kikwete, wakatia saini mkataba wa dola milioni 698 wa barabara, umeme na maji. Kesho yake akapanda Arusha. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda mjini lazima upite Usa River, kwa hiyo mama na wenzake walijipanga kando ya lami tangu alfajiri, barabara imefungwa, mikungu ya ndizi imelala kwenye pikapu. Msafara ulipita kama upepo. "Hatukuona hata sikio lake," anasema mama, lakini anavyolisimulia utadhani alikunywa naye chai. Bush aliingia Hospitali ya Wilaya ya Meru, akagawa vyandarua, akatangaza vingine milioni 5.2 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, akaenda kuangalia vinavyofumwa pale kiwanda cha A to Z. Dada yangu alitoka Dar na kitenge chenye sura yake. Mpaka leo mama anambebea mjukuu, Bush yuko mgongoni, kichwa chini miguu juu.

Sasa njoo Columbus.

Yule mzee aliyepanda kiti alimpigia Bush kura mara mbili. Ohio ndiyo iliyompa Bush muhula wa pili mwaka 2004, na yeye anasema hivyo kama mtu anayekiri deni. Mjukuu wake ni Marine. Agosti 2005, bomu la barabarani karibu na Haditha liliua askari 14 wa Marine kwa mpigo, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha akiba chenye makao hapa hapa Columbus. Mjukuu wake hakuwa kwenye gari lile. Lakini mzee alikwenda kwenye mazishi ya vijana wa mtaani, na silaha za maangamizi zilizowapeleka Irak hazijaonekana mpaka leo. Marekani imeshazika zaidi ya askari 4,000. Wairaki waliokufa hakuna anayewahesabu kwenye chumba chetu cha mapumziko.

Yupo mama mmoja mweusi, tunapanga naye maboksi ya viatu, aliyekuja huku kutoka New Orleans baada ya kimbunga Katrina. Watu zaidi ya elfu moja walikufa. Yeye hakumbuki hotuba hata moja ya Bush. Anakumbuka siku alizosubiri maji ya kunywa katika nchi inayoweza kupeleka jeshi Baghdad. Na mtaani kwangu nyumba nne zimechukuliwa na benki tangu kiangazi, nyasi zinaota mpaka mlangoni. Benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Septemba nilidhani ni habari za matajiri wa New York. Novemba ovataimu ikakatwa, nikaelewa, na mama akaelewa pia, kwa sababu fedha za mwezi ule zilifika nusu.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kura za maoni za Gallup zilimpa asilimia 90 baada ya Septemba 11 na zikamshusha hadi 25 mwaka jana, usidhani Wamarekani ni vigeugeu. Kila pointi iliyoanguka ina nyumba yake.

Nina rafiki Msomali, dereva wa folklifti. Hapa Columbus Wasomali ni wengi na Kiswahili chake ni cha Mombasa, kitamu kuliko changu. Yule mwandishi wa habari alipomrushia Bush viatu vyote viwili kule Baghdad mwezi uliopita, ghala zima lilicheka wiki nzima; ukimpitia mtu anajifanya kuinama. Nilipompigia mama, yeye alikuwa amekasirika kweli kweli. "Mgeni harushiwi kiatu," alisema. Nikamfikishia rafiki yangu. Akazima mashine, akanitazama.

"Mwambie mama shikamoo. Halafu muulize, ni mgeni gani huyo aliyeingia bila kupiga hodi?"

Yeye ana yake. Novemba 2001, wakati ofisi za hawala za Al-Barakaat, pamoja na ya hapa Columbus, zilipovamiwa na kufungwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi, fedha alizokuwa amemtumia mama yake zilikwama huko. Mama yake hakuwa gaidi, alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Tangu siku hiyo, ukimtajia Bush wa vyandarua anakusikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayesimulia ndoto yake.

Neno hilo la mgeni ndilo lililonikaa kichwani. Kwetu Bush ni mgeni. Mgeni amekuja na mkono wenye kitu, siku ya kwanza ni mchele na panza, hatumuulizi nyumbani kwake watoto wanalala vipi. Huku yeye ni baba mwenye nyumba, na baba haulizwi zawadi aliyomletea jirani. Anaulizwa ada, paa linalovuja, na mtoto aliyetumwa asirudi. Kikwete aliligusa hilo mbele yake pale Ikulu: kwamba wengine wanaweza kuwa na maoni yao kuhusu yeye na serikali yake, lakini sisi Tanzania tunamjua kama rafiki. Ni maneno ya mwenyeji mwenye adabu. Nami nisingetaka aseme vingine na shangazi yangu yuko hai.

Lakini adabu ina gharama zake. Sikusikia mtu kwetu akimuuliza Bush kuhusu Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania wa Zanzibar aliyetuhumiwa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Dar la 1998, akawekwa kwenye jela ya kijeshi ya Marekani huko Guantánamo mwaka 2006. Kama ana hatia afungwe, Watanzania waliokufa Dar siku ile ni ndugu zetu. Ila alipaswa kuhukumiwa kwanza. Wala sikusikia mtu akiuliza kwa nini sheria ya PEPFAR ya 2003 iliagiza theluthi ya fedha za kinga ziende kwenye kuhubiri kujizuia mpaka ndoa. Shemeji yangu aliambukizwa ndani ya ndoa, yenye cheti na picha ukutani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugeni huu tunawapa hata viongozi wetu wenyewe. Bush alitua Dar siku tisa tu baada ya Waziri Mkuu Lowassa kujiuzulu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa zabuni ya umeme wa dharura ikijinadi kuwa inatoka Houston, Texas, ndiyo, huko huko kwa Bush. Nchi ilikuwa inachemka. Wiki iliyofuata nikipiga simu nyumbani nasikia habari za msafara na kitenge. Mbunge wetu naye huja mara moja kwa mwaka, anashuka garini na fulana na mifuko ya chumvi, akina mama wanapiga vigelegele, anakaribishwa kama aliyesafiri kutoka mbali kuja kutusaidia. Fulana ni kodi yetu. Chumvi ni kodi yetu. Huku nilimwona mzee wa upakiaji akimwandikia barua mbunge wake kwa sababu hundi ya mke wake ya uzeeni ilichelewa wiki mbili, barua ya ukali, kama mtu anayemwandikia kibarua wake. Na akajibiwa. Siwasifu kupita kiasi. Ni hawa hawa waliomrudisha Bush 2004 wakati vita ilishaharibika, na wanakiri. Lakini hawajawahi kumpigia vigelegele kwa kuwapa kilicho chao.

Jambo moja walikuwa hawalijui. Jana, Jumamosi, nilijikaza nikawauliza wale wale saba: mmewahi kusikia PEPFAR? Hakuna. Mmoja alidhani ni dawa ya mafua. Nikawaeleza, taratibu, bilioni 15, kadi ya kliniki, kilo 38. Mama wa New Orleans akasema, "Kumbe alijua kufikisha vitu kwa watu," akaendelea kufunga boksi lake. Hakusema kwa ubaya. Hakusema kwa wema pia.

Mzee wa upakiaji alikaa kimya mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia. Tukiwa njiani akanishika bega.

"Kwa hiyo ile ni kodi yangu?"

"Ni yako. Na yangu pia, tangu nianze kukatwa."

"Na huyo shangazi yako, sasa ana uzito gani?"

Nikasema kilo 61 mara ya mwisho. Akatikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu, akapanda kwenye lori lake.

Leo asubuhi nimempigia mama, nikamwambia kuna mzee huku ameuliza uzito wa shangazi. Akaniuliza kama huyo ndiye Bush. Nikasema hapana, huyu ni mpakiaji, ndiye anayezilipa zile dawa. Akanyamaza mpaka nikadhani kadi imeisha.

"Basi huyo naye mpatie kitu," akasema.

Kesho kutwa ghala limeruhusu televisheni iwashwe saa sita mchana Obama akiapishwa, na sisi wa zamu ya jioni tumeambiwa anayetaka aje mapema. Nitakwenda na pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro niliyokuwa nimejiwekea. Mzee, nimesikia, amenunua rimoti kwa fedha zake mwenyewe.