Siku Malindi ilipohamia Hispania

Rafiki yangu anafundisha sekondari moja hapa Malindi, sitaitaja wasije wakaniitia kikao, juzi kaniomba nimshikie klabu yake ya jiografia Jumamosi mbili tatu manake yeye mambo ya kompyuta anayaogopa kama deni. Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi: wanafunzi wachore njia ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, toka Lisbon mpaka India kwenye Google Earth, ile programu ya ramani ya dunia. Laptopu tano, watoto thelathini na ushei, intaneti ya kuchota kwenye simu yangu, na bando la wiki nzima likakata roho saa nne asubuhi.

Tukaanza na nyumbani. Tieni pini ya Malindi, latitudo 3.2 kusini, longitudo 40.1 mashariki. Kundi la kwanza likasahau alama ya kutoa mbele ya 3.2, basi Malindi ikaruka ikatua huko bara kati ya Moyale na Mandera, bahari hamna, samaki hamna. Kundi la pili alama wameiweka vizuri lakini namba wamezipindua, longitudo imetangulia, na Malindi yetu hii ya Shela na Barani ikatokea Hispania, si mbali na Madrid. Walicheka hao watoto mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani. Rafiki yangu akataka ifutwe haraka, nikamwambia iache bwana, iache hapo hapo, manake mimi latitudo na longitudo nilikariri miaka minne nikafaulu mtihani na bado nilikuwa nazichanganya, na hawa nusu saa tu wameshajua kwamba alama moja ndogo inaweza kukutoa pwani ikakutupa jangwani.

Halafu wakaunganisha pini ya Lisbon na pini ya Malindi. Unajua kilichotokea. Mstari ukanyooka, jahazi la Mreno likapanda Sahara. Kijana mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, alikuwa na ngamia?"

Sasa hapa ndipo nina neno langu, na najua kuna walimu hawatanipenda. Hizi programu ni nzuri sana, lakini ubaya wao zinachora mstari mzuri mno. Laini, rangi nyekundu, hauna mkatiko, na mtoto akiuona anaamini ndivyo ilivyokuwa. Wakati ukweli wa ile safari ni vipande vipande. Gama katoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na meli nne. Kaondoka Santiago kwenye visiwa vya Cape Verde tarehe 3 Agosti, halafu akaiacha pwani ya Afrika kabisa akaingia katikati ya Atlantiki kutafuta upepo, na nchi kavu hakuiona tena mpaka tarehe 4 Novemba karibu na ghuba ya St Helena kule Afrika Kusini. Zaidi ya miezi mitatu ni maji matupu, na ile shajara iliyoandikwa na mmoja wa watu wake kwa kipande hicho imenyamaza karibu yote, tarehe chache tu zimedondoka humo. Kwa hiyo pini unaweka wapi? Tukabishana weee, mwisho tukakubaliana kipande kile kiwe cha nukta nukta, na mstari mzima ubaki kwa sehemu zile ambazo shajara imetaja mahali na siku. Kwangu mimi hilo ni somo kuliko njia yenyewe. Mtoto akijua kutofautisha nukta na mstari, kesho hata ukimletea ramani ya shamba lenye kesi atauliza hapa mlipima au mlikisia.

Rafiki yangu yeye alitaka wamalize, wachapishe, wabandike ukutani kabla ya siku ya wazazi. Namwelewa. Lakini ramani ya ukutani tunayo tayari na ndiyo iliyotuharibu, ule mshale mnene unaotoka Ulaya unazunguka Afrika yote, na Malindi ni kadoa tu kando ambapo mgeni "alipata mtu wa kumwongoza". Mtu gani? Hana jina, hana pini.

Tuanze na hilo basi. Gama kafika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, hawakuelewana, akang'oa nanga tarehe 13, na kesho yake kabla hajafika hapa alikuwa ameshateka chombo cha watu njiani (hilo kwenye vitabu vya watoto hupitwa mbio mbio). Jioni hiyo hiyo ya tarehe 14 akatia nanga Malindi. Sultani wetu alikuwa na uhasama na Mombasa wa siku nyingi kwa hiyo adui wa adui kakaribishwa vizuri, akapewa na mtu wa kumpeleka India. Wengi tulifundishwa ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi siku hizi wanalitilia shaka hilo, shajara ya safari haimtaji jina, inasema tu ni mwongoza njia wao, na waandishi wa Kireno waliokuja baadaye ndio wakaandika Malemo Cana, na mmoja wao akasema ni mtu wa Gujarat. Malemo! Lisome kwa sauti, wewe mtu wa pwani, uone kama hutasikia malimu. Si jina hilo, ni kazi. Malimu ndiye ajuaye nyota na njia ndani ya chombo, nahodha anaamuru na malimu anaelekeza. Nilipolitamka darasani wasichana wawili wa Mambrui wakaangaliana wakacheka, babu yao anaitwa hivyo mpaka leo.

Basi Jumamosi ya pili tukamleta mzee mmoja wa Shela, katembea majahazini tangu kijana, sasa macho yamepungua ila mdomo upo. Watoto wakamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba wajukuu zangu, akavutiwa kiti mbele ya laptopu. Akaitazama dunia inazunguka. Kimya. Halafu akaweka kidole kwenye skrini kati ya Malindi na Calicut (Kozhikode ya leo, India) akauliza, "Hapa pote buluu tu? Upepo mmeuweka wapi?"

Hatukuwa tumeuweka. Tulikuwa na tarehe lakini hatuna upepo, yaani ni sawa na kuandika ratiba ya basi ukasahau barabara.

Ikabidi tuanze upya. Gama kaondoka hapa tarehe 24 Aprili. Kuna kijana babake ni mvuvi Mayungu, akasema hiyo tarehe kusi, ule upepo wa kutoka kusini, bado halijashika sawasawa. Swali la maana hilo! Na jibu lake ni tamu: Wareno walikuwa wanatumia kalenda ya zamani, kwa karne ile iko nyuma siku 9 ukilinganisha na hii yetu, kwa hiyo 24 Aprili yao ni 3 Mei yetu. Yule kijana akatikisa kichwa, "hapo sawa." Sasa niambie ni programu gani ingeuliza hivyo. Tarehe umeiingiza, imeipokea, imenyamaza. Aliyegutuka ni mtoto anayejua babake hubadilisha nyavu lini.

Wakapima umbali kwa ile rula ya ndani ya programu, Malindi mpaka Calicut ni zaidi ya kilomita 4,200. Kafika tarehe 20 Mei, siku 26. Wakagawanya: kama kilomita 160 kwa siku, usiku na mchana, kusi liko mgongoni. Na shajara inasema Jumapili tarehe 29 Aprili wakaiona tena nyota ya kaskazini waliyokuwa hawajaiona muda mrefu. Tukawasha mstari wa ikweta kwenye ramani, tukaona ndiyo, toka hapa kwetu ambapo hiyo nyota imezama chini ya upeo, siku tano baadaye wameshavuka. Wakati mwalimu mwingine angesema "na hapa walivuka ikweta" akapita, sisi tuliona kwa nini malimu alihitaji ile nyota, kimo chake juu ya bahari kinamwambia amefika kaskazini kiasi gani: wale wa zamani walikuwa na kibao kidogo na uzi wenye mafundo, unauma uzi kwa meno, unanyoosha kibao mbele mpaka ukingo wa chini ugonge bahari na wa juu uguse nyota, unahesabu kwa vidole. Kidole kimoja ni kama digrii 1.6. Tukatengeneza cha jalada la daftari. Nyota hatukuipata bila shaka, tukapimia taa ya mlingoti, lakini mkono ulielewa.

Halafu simu. Tulikwenda mpaka kwenye ule mnara wa msalaba wa Gama kule rasini na simu tatu za sisi walimu, tukasimama pale pale pamoja, na kila simu ikatoa latitudo na longitudo zenye tarakimu tofauti mwishoni. Tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11, kwa hiyo simu moja ilituweka nchi kavu na nyingine ilitutia majini. Watoto walifurahi mno kuona kwamba hata setelaiti inababaisha.

Kuna wenzangu wanasema Gama wa nini, mbona tusiwachoreshe watoto njia za mitepe ya Lamu, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba, na majahazi ya Wahadhrami wa Yemen, au yule twiga wa Malindi aliyepelekwa China mwaka 1415. Nakubali yote yachorwe, tena twiga natamani sana. Ila Gama tusimwache, manake ana tarehe, na tarehe ndizo zinazokuwezesha kumkamata. Bila hizo tarehe zake tusingeona kwamba mwenye ujuzi wa kipande kile alikuwa ni mwenzetu wa bahari hii aliyekuwa akienda na kurudi kama mtu aendaye Mombasa leo. Mstari wa Calicut nikawaambia waubadilishe rangi, usiwe wa Mreno tena. Walichagua kijani. Sijui kwa nini kijani.

Ila la kurudi ndilo lililomfurahisha mzee. Gama hakungoja. Kaondoka kisiwa cha Anjediva pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, umbali ni karibu ule ule, na Malindi kafika tarehe 7 Januari 1499. Siku 94. Wakagawanya tena: kilomita 45 kwa siku, mtu na baiskeli yake anakupita. Mzee akacheka kwa kifua, "Huyo katoka wakati wa tangambili! Kusi limekufa, kaskazi halijazaliwa. Malimu angemwambia akae, ale wali, angoje." Watu thelathini walikufa njiani, ufizi unavimba unafunika meno, ugonjwa wa kukosa matunda, na waliobaki wazima ni saba au wanane kwa kila meli. Walipotia nanga hapa kitu cha kwanza wagonjwa walichokitamani ni machungwa, wakatuma mtu pwani akaleta. Walipoendelea mbele wakaichoma moto meli moja, São Rafael, hawana mikono ya kuiendesha.

Ramani yenyewe haijakwisha na siku ya wazazi imepita, rafiki yangu bado ana kinyongo kidogo. Kipande cha kurudi bado ni nukta tupu. Lakini juzi nimefungua faili nikakuta yule kijana wa Mayungu ameshaweka pini ya 7 Januari 1499, na kwenye kile kisanduku cha maelezo ambacho wenzake hujaza aya nzima wamenakili mahali, yeye kaandika neno moja tu: machungwa.