Mbuzi Walivyokula Namba za Kidato cha Pili

Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili huanza siku moja kabla ya kuanza. Watu wa nje hudhani shughuli ni karatasi, kumbe karatasi haziwahusu walimu wa shule hata kidogo. Zinakuja asubuhi zimefungwa ndani ya bahasha za Baraza la Mitihani, askari yuko pembeni. Kinachowahusu walimu ni meza.

Kila meza hubandikwa namba: herufi S, tarakimu nne za shule, mkwaju (/), halafu tarakimu nne za mtahiniwa. Wasichana hutangulia, wavulana hufuata. Katika shule yetu, shule ya kata mkoani Dodoma, Chumba cha Kwanza kikawa cha wasichana watupu, 0001 hadi 0040, na wavulana wakaanzia 0041 chumba cha jirani. Meza zilikaa safu nne, kumi kila safu, na namba zikapangwa kwa mtindo wa nyoka: safu ya kwanza inatoka mbele kwenda nyuma, ya pili inarudi kutoka nyuma kuja mbele, ya tatu inakwenda tena, ya nne inarudi. Kwa hiyo ukisimama mlangoni, meza za mbele zinasomeka 0001, 0020, 0021, 0040.

Jumapili jioni selotepu ikaisha. Vyumba vingine vilikuwa tayari, na ile ya mwisho ilitosha hizo meza nne tu za mbele, ambazo zilipewa kipaumbele kwa sababu mkaguzi yeyote husimama mlangoni. Zikabaki 36. Mwalimu wa Taaluma, mtu asiyependa kununua kitu kinachoweza kupikwa, akasema hakuna haja ya kumtuma mtu mjini. Akamwita mpishi.

Gundi ya unga haina siri. Kikombe kimoja cha unga kwa vikombe vinne vya maji. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi, la sivyo utapata mabonge. Ndipo uinjike motoni na ukoroge mpaka uji ung'ae na uanze kuvutika. Unga wa ngano ndio unaofaa, maana unanata. Sembe inashika kwa shida, na ikikauka karatasi inajikunja pembeni, hasa kwa hewa kavu ya Dodoma. Ngano haikuwepo. Mpishi naye, kwa nia njema kabisa, akatia konzi ya chumvi ili gundi isichache usiku.

Sasa fikiria Novemba ya kule. Mvua bado, majani yamekwisha, mbuzi wanaishi kwa mabua na miiba, na chumvi wanailamba hata ukutani. Halafu kuna chumba chenye karatasi 36, kila moja ina wanga na chumvi mgongoni na pembe zake zimejikunja kurahisisha kushika. Mlango wake haukuwa na komeo, uliegemezwa jiwe. Mlinzi alikuwepo, ana rungu, ana tochi, na alikesha macho usiku kucha mlangoni pa ofisi akilinda mitihani. Mitihani ilikuwa imelala polisi.

Saa 12 na nusu asubuhi Mkuu wa Shule akafungua Chumba cha Kwanza. Wakatoka mbuzi saba. Sita walikimbia, wa saba alitoka kwa hatua za mtahiniwa aliyemaliza kabla ya muda, kipande cha karatasi kikiwa bado mdomoni. Ndani, kazi ilikuwa safi. Meza 36 zimelambwa mpaka zinang'aa. Zile nne za selotepu hazikuguswa.

Mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo, ndiye aliyekuwa karibu, akapewa chaki na orodha na kuambiwa arudishe namba haraka. Habari ya nyoka hakuna aliyemweleza. Akatazama meza ya mbele ya kila safu, akaendelea kuhesabu kwenda nyuma. Safu ya kwanza ikatoka sawa kwa bahati. Nyuma ya 0020 akaandika 0021 hadi 0029. Nyuma ya 0021 akaandika 0022 hadi 0030. Nyuma ya 0040 akaandika 0041 hadi 0049, ambao ni wavulana wa chumba cha pili. Orodha aliikunja akaiweka mfukoni isichafuke.

Wasichana walipoingia, kila namba kuanzia 0021 hadi 0029 ilikuwa na meza mbili. Kuanzia 0011 hadi 0019 hazikuwepo kabisa, na 0031 hadi 0039 vilevile. Kumi na wanane wakasimama ukutani, kalamu mkononi. Mmoja akamuuliza mwenzake, "Kwani sisi hatukusajiliwa?" mwenzake akaanza kulia. Na si jambo dogo: majibu huandikwa kwenye karatasi ileile ya maswali, na namba inatakiwa pembe ya juu kulia ya kila ukurasa. Anayesahihisha haoni jina. Ukiandika namba ya mwenzio, umemfanyia mwenzio.

Msimamizi Mkuu, mama mmoja mwalimu wa hisabati kutoka shule nyingine, akasimama mlangoni. Akatazama meza za mbele: 0001, 0020, 0021, 0040. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya darasani, "humu kuna nyoka."

Kijana wa chuo alikuwa juu ya meza kabla neno halijaisha. Wasichana 40 walitoka kwa mlango mmoja na madirisha mawili. Mlinzi, ambaye usiku mzima hakupata wa kumpiga, akaingia na rungu lake akauliza kwa furaha, "Yuko wapi?"

"Ni nyoka wa namba, baba," mama akasema. "Tulia."

Lakini chumba kilikuwa kimebaki kitupu, na hicho ndicho alichokuwa akikihitaji. Akafuta, akaandika upya, kisha akahakiki kwa njia ambayo kila mpanga meza angepaswa kuijua: kwenye nyoka wa kumi kumi, meza mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu katika safu ya kwanza na ya pili lazima zijumlishe 21, na za safu ya tatu na ya nne zijumlishe 61. Akapita mstari kwa mstari akijumlisha kwa sauti. Saa 2 kamili bahasha ikafunguliwa mbele ya watahiniwa.

Chaki nayo ina ugonjwa wake: inahama. Tulikuwa chini ya mbuyu, mbali na vyumba kama inavyotakiwa, kwa hiyo hili nalisema kama lilivyosimuliwa na wasimamizi. Baadhi ya wasichana walifika ukurasa wa nne namba zao zimeshahamia kwenye kiwiko cha sweta, tena kinyumenyume, na wasimamizi wakazunguka na orodha kuhakiki mmoja mmoja. Mapumziko mtu akapendekeza chaki ichovywe kwenye maji ya sukari, maana hapo haifutiki ovyo. Mkuu akatazama nje. Mbuzi saba walikuwa wamesimama kivulini wanamtazama. Akatoa hela ya selotepu mfukoni mwake.

Mchana mwenye mbuzi akafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naambiwa wanangu wameingia kwenye mtihani."

"Wamekula namba 36, mzee."

"Sasa matokeo yao ni lini?"

Mwisho wa mwezi mhasibu akaikataa hesabu ya Mwalimu wa Taaluma. Kwenye fungu la vifaa vya upimaji iliandikwa: unga wa sembe, kilo 1. Unga, mhasibu akasema, si kifaa. Mwalimu akaichukua karatasi, akapiga mstari, akauhamishia unga wake kwenye fungu la chakula. Mhasibu akauliza ushahidi uko wapi kwamba ulikuwa chakula.

"Si uliliwa?"