Kabla Hujalipia Fomu ya Shule

Mabango ya shule binafsi hapa Dar, kuanzia Kimara hadi Mbagala, yana wimbo mmoja: ufaulu asilimia 100. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, waliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini wazazi bado tunazitafuta kwa tochi. Mimi nasema anza na idadi ya walioanza.

Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya darasa la nne ya 2021, tafuta mkoa, halmashauri, kisha shule, uandike idadi ya watahiniwa. Halafu fungua ya darasa la saba ya 2024; kundi ni lilelile. Tuseme kule walikuwa 62, huku 40. Muulize mwalimu mkuu hao 22 wako wapi. Wachache watakuwa wamehama na wazazi wao, sawa. Wakiwa wengi hivyo, harufu ya mchujo ipo: mwenye wastani mdogo anakaririshwa darasa, au mzazi anaitwa kimyakimya aambiwe atafute kwingine. Hesabu zikimpiga chenga mwanao, naye atafuatia.

Kutembelea shule siku ya mahafali ni kupoteza nauli. Nenda siku ya kawaida, saa nne, watoto wakinywa uji, uombe daftari la Hisabati la mwanafunzi wa katikati. Angalia tarehe ya mwisho ya kusahihishwa. Angalia penye kosa: je, mtoto amefanya masahihisho, na mwalimu ameyapitia? Ukikuta tiki nyekundu juu ya jibu la uongo, ujue mwalimu anapiga tiki bila kusoma. Shule ya serikali ya mtaani kwenu, isiyo na ada, nayo ipime kwa daftari hilohilo. Usiidharau kabla hujaingia.

Ada ya kwenye bango ni mwanzo tu. Ada ya milioni 1.5, ongeza basi la 70,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, umeshafika milioni 2.2, na bado chakula, sare, vitabu, mitihani ya moko, yaani ya majaribio, na kambi ya la saba.

Kuhusu basi, wengi huuliza linafika shuleni saa ngapi. Uliza mwanao atakuwa wa ngapi kupandishwa, na saa ngapi. Ukitajiwa saa kumi na moja alfajiri kwa mtoto wa darasa la pili, chukua shule ya karibu, hata ikizidiwa wastani.