Nyumba ya wazee haipimwi kwa zulia

Zulia jipya halimsaidii mtu aliyesahau njia ya chooni. Lakini jamaa zangu wengi hapa England, mzazi anapofikia hatua ya kutoweza kubaki peke yake kwa sababu ya demensia, maradhi yanayomwondolea mtu kumbukumbu, huitafuta nyumba ya wazee kama watafutavyo ukumbi wa harusi: mapazia, maua mapokezini, maegesho ya magari. Kisha wanatazama daraja lililobandikwa ukutani, linalotolewa na CQC, tume inayokagua huduma hizi tangu 2009. Likisomeka “Nzuri”, wanasaini. Mimi nyumba hizo ndiko ninakopatia riziki, na nasema daraja pekee halitoshi.

Kwanza, daraja huzeeka. Mwaka 2024 Dk. Penny Dash, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza CQC, alikuta sehemu zilizokaa miaka mingi bila kukaguliwa tena, na nyingine, kama moja kati ya kila tano, hazijawahi kupewa daraja lolote. Halafu hata mkaguzi akitokea, siku hiyo huwa ni mgeni njoo mwenyeji apone. Hadi meneja utamwona anasukuma kiti cha magurudumu!

Ugumu wenyewe ni kwamba mwenye demensia hawezi kukutolea ushahidi. Muulize jioni kama amekunywa chai. Atakubali kwa adabu tu, au atakwambia anamsubiri mumewe atoke kiwandani, na mume alishazikwa zamani. Kwa hiyo lazima ujionee. Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford, alilifahamu hilo mapema. Yeye na Kathleen Bredin walibuni kipimo ambacho mtazamaji anakaa kimya sebuleni, na kila dakika 5 anaandika kila mzee anafanya nini na yuko katika hali gani, kuanzia +5 kushuka hadi -5. Kitanda kimetandikwa au hakijatandikwa, hayo hayamhusu. Anachotafuta ni kama mtu huyu anaishi au amewekwa tu.

Si lazima usomee kipimo hicho. Omba kukaa sebuleni kuanzia saa kumi jioni mpaka chakula cha usiku kimalizike. Ndio wakati ambao wazee wengi huanza kuhangaika, wanataka kurudi kwao, na zamu nayo imechoka. Tazama kikombe cha chai. Kimewekwa wapi? Nimeona mara nyingi kikiachwa juu ya meza upande wa mkono uliopooza. Baada ya nusu saa kinaondolewa kimejaa, kimepoa, kimefanya utando juu, na kwenye simu ya kazini inaandikwa: amepewa chai. Hakuna uongo hapo, chai amepewa kweli. Mzee ndiye atakayelala na kiu. Kisha mtazame anayelisha. Kuna anayesimama, kijiko mkononi, huku anapiga soga na mwenzake kuhusu zamu ya Jumapili. Na kuna anayevuta kiti, anamtazama mzee usoni, anamwambia hiki ni kiazi, halafu anasubiri ameze.

Wenzangu watasema nawaonea. Mishahara yetu naijua, na nazijua zile usiku ambazo kengele za vyumba vitatu zinalia kwa pamoja na mhudumu ni mmoja. Tangu Julai 2025 nyumba hizi haziruhusiwi tena kuajiri wahudumu wapya moja kwa moja kutoka nje ya nchi, kwa hiyo sisi wabeba boksi tuliokwisha kuingia ndio tunaozibishwa mapengo. Sawa. Lakini kulisha umekaa hakuchukui dakika zaidi ya kulisha umesimama.

Swali ambalo familia haziulizi ni la dawa. Mwaka 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kwamba watu 180,000 wenye demensia walikuwa wakipewa dawa za kutuliza zinazotumika kwa magonjwa ya akili, kwamba waliopata nafuu walikuwa 36,000 hivi tu, na kwamba dawa hizo zilisababisha vifo 1,800 vya ziada kwa mwaka. Uliza ni wazee wangapi humu wanazinywa, na daktari alizipitia lini mara ya mwisho. Mzee anayepiga kelele huenda ana maumivu, hajapata choo siku kadhaa, au ana maambukizi ya mkojo. Nimemhudumia mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye tanuri la mikate. Saa tisa usiku yuko macho, anatafuta viatu. Nyumba aliyotoka walimpa kidonge. Huku alipewa chai, mkate wa kubanika na meza ya kupangusa, na kukikaribia kucha anarudi kulala mwenyewe.

Wenye wazazi waliotoka kwetu, ongezeni hili: nani humu anajua lugha yake? Mara nyingi lugha aliyojifunza mtu ukubwani hutangulia kupotea, ya utotoni ikabaki. Mjini Leicester, hapa hapa England, kuna wazee wa asili ya Kihindi waliozaliwa Kampala, Mombasa na Zanzibar. Kiingereza kikiwatoka, kinabaki Kigujarati, na kwa baadhi yao Kiswahili cha jikoni. Bibi wa namna hiyo akiomba maji kwa mhudumu asiyeelewa, faili litasema anabwabwaja. Mwandikie karatasi yenye maneno ya lazima, maji, choo, naumwa, nasikia baridi, na maana zake, uibandike kando ya kitanda. Kisha rudi siku wasiyokutarajia, uone kama kuna aliyeisoma.