Sambusa ya kwenye kioo imenishinda, mi nakula sokoni Mwanga kwanza

Jamani mimi na chakula cha uwanja wa ndege tumeshaachana, na sababu ni sambusa moja tu. Nilikuwa nabadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa, jina nabaki nalo, njaa inauma na muda hamna, nikaona sambusa zimepangwa kwenye kabati la kioo lenye taa ya njano, zinang'aa kama za harusi. Dada akaitia maikrowevu sekunde kadhaa, nje inaunguza midomo, ndani nyama ya baridi kabisa. Nimelipa hela ambayo Kigoma nakula ugali na samaki na soda na chenji inarudi. Usiku huo tumbo lilinisema hadi asubuhi.

Sasa watu wakisikia chakula freshi wanadhani ni saladi au juisi ya kopo lenye picha ya embe. Kwangu mimi freshi ni kile kilichopikwa ukiwa umesimama hapo unakiona. Wataalamu wa afya wenyewe wanasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili, na kama unakiweka cha moto basi kiwe juu ya nyuzi 60. Ile taa ya njano ya kabatini sijui kama inafika huko, mi naona inapendezesha tu.

Huku kwetu Kigoma tuna bahati, uwanja uko Katubuka na Mwanga sokoni ni hapo hapo, bodaboda hata hujamaliza kusoma meseji umefika. Kwa hiyo siku ya safari naamka mapema, begi nafunga usiku, napitia kwanza kwa mama mmoja anayekaanga samaki. "Shikamoo mama, nina ndege leo." "Marahaba baba, kaa hapo, mafuta yameshashika moto." Basi. Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, unapigwa chumvi na ndimu unaingia kwenye karai mbele ya macho yangu, ugali wa muhogo upo tayari, pilipili pembeni, dakika kumi na tano nakula. Ukitaka kujua samaki wake ni wa leo angalia wale ambao bado hajakaanga, jicho liwe limetuna na linang'aa na mashavu ndani mekundu, jicho likishazama ujue huyo ana historia ndefu.

Kuna siku inagoma lakini. Dagaa kipindi cha mbalamwezi wanaadimika kwa sababu wanavuliwa usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti tena. Na ule mwaka 2024 ziwa lilivyofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, mbona tulikula mayai tukanyamaza.

Ila maharage kabla ya ndege hapana! Hilo nalisema kwa upendo kabisa. Ndege ikipanda hewa ndani inakuwa nyepesi kama uko juu ya mlima, gesi yote ya tumboni inatanuka, na jirani yako wa siti hajakukosea chochote.

Kinachoniuma ni kwamba hili jambo la chakula freshi safarini reli ilishalimaliza zamani. Reli ya kati imefika Kigoma tangu 1914 na kila aliyepanda treni anajua, ikisimama tu stesheni akina mama wanakuja dirishani na kuku, mayai, mihogo, karanga, ukifika Tabora asali, vitu vya moto, na bei unabishana. Hakuna kabati la kioo. Sasa uwanja wa ndege unashindwaje kumpa mama mmoja kona moja na jiko la gesi na karai? Rafiki yangu ananiambia eti usafi, eti usalama. Sawa, si bwana afya yupo, aje amkague hata kila siku, apewe aproni na kofia, na ukaguzi wa mizigo apite kama tunavyopita sisi. Tatizo naona ni kodi ya pango, maana ukimpangisha mtu kwa hela ya duka la simu lazima akuuzie andazi la juzi kwa bei ya kuku.

Mara ya mwisho nilifungiwa mgebuka mmoja wa akiba kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, nikapita nao ukaguzi bila shida. Nikaufungua taratibu kwenye kiti cha kusubiria, harufu ikaenda yenyewe. Jamaa pembeni, ana andazi mkononi limeng'atwa mara moja tu, akaniuliza, "Kaka, hiyo wanauza upande gani humu ndani?" Nikamkatia kipande cha mkiani. Kichwa sigawi.